Mvulana Akiigiza Mama, Msichana Akiigiza Mzee

Orodha ya waigizaji imebandikwa kwenye ubao wa matangazo, na jina lako limeandikwa mkabala na la Sara. Wewe ni mvulana wa Kidato cha Pili, sauti ndiyo kwanza inavunjika, na shuleni kwenu hakuna msichana hata wa dawa. Au mambo ni kinyume: uko shule ya wasichana, na mwalimu wa drama amekata shauri kwamba Majoka, yule mtawala wa Sagamoyo katika *Kigogo*, utakuwa wewe. Kabla hujaenda kubisha ofisini kuomba ubadilishiwe, hebu tuzungumze.

Hukuonewa. Shule za bweni za jinsia moja ni nyingi Kenya, na Tanzania pia zipo, ilhali tamthilia zinazosomwa humo hazikuandikwa kwa kufuata kibao cha getini. *Bembea ya Maisha* ya Timothy Arege haisimami bila Sara, mke mgonjwa wa Yona mlevi. *Kinjeketile* ya Ebrahim Hussein, iliyotoka mwaka 1969, inafunguka kwa mazungumzo ya wanawake wawili. Lazima mtu avuke. Tena walimu wenye akili hawamtupii yeyote nafasi hizi. Humpa yule wanayemwamini kwamba hatafanya mzaha, kwa sababu ndizo nafasi zinazoweza kuangusha mchezo mzima.

Na wala hukuanza wewe. London ya Shakespeare, kwenye majumba ya michezo ya kulipia, hakukuwa na mwigizaji wa kike. Waingereza walisubiri hadi 1660 ndipo wanawake wakapanda jukwaani. Juliet alikuwa mvulana. Lady Macbeth vilevile. Chukua *Mabepari wa Venisi*, tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya 1969, usome pale Portia anapojivika joho la mwanasheria wa kiume aingie mahakamani: huyo, siku za Shakespeare, alikuwa mvulana anayeigiza mwanamke anayejifanya mwanamume. Japani nako serikali iliwapiga marufuku wanawake katika kabuki mwaka 1629, na hadi leo wapo wanaume wanaoigiza wanawake humo kama kazi ya maisha. Nchi hiyohiyo ina kundi la Takarazuka, linaloigiza tangu 1914, ambalo ni la wanawake watupu. Wasichana wanaotaka kuingia huko husomea chuo kwa miaka miwili kwanza. Wewe umepewa muhula mmoja, kwa hiyo tusipoteze wakati.

Kicheko cha kwanza

Utaingia jukwaani na ukumbi utaangua kicheko. Hilo liweke akilini leo, usije ukashtuka siku yenyewe. Watu wanakujua. Jana walikuona ukikimbilia chai ya saa nne na kikombe mkononi, leo umejifunga leso. Watacheka kabla hujafungua kinywa.

Wapo wanaoishi kwa kicheko hicho. Joti wa Orijino Komedi kule Tanzania, au Flaqo na Mama Otis wake hapa Kenya, wanataka mtazamaji akumbuke muda wote kwamba huyo ni mwanamume aliyevaa gauni. Utamu uko hapo. Kama mchezo wenu ni wa vichekesho na mwalimu anataka hivyo, sawa, chota kwao. Ila Sara ni mgonjwa. Ukimwingiza kwa mtindo wa Joti, watu watamcheka mgonjwa, na mchezo umekufa kabla ya onyesho la pili.

Dawa ya kicheko ni kazi. Ingia ukiwa tayari unafanya jambo: unatafuta dawa kwenye mkoba, unakunja nguo, unamwita mtoto aliye nje ya jukwaa. Macho yako yawe kwa mhusika mwenzako au kwa kitu ulichoshika, kamwe yasiende kwa watazamaji. Usiseme juu ya kicheko, hutasikika. Endelea na kazi hiyo mpaka kipungue chenyewe, na kitapungua, maana watu hawawezi kuendelea kumcheka mtu asiyewajali. Ukitabasamu kidogo tu, au ukampa rafiki yako wa safu ya mbele jicho la pembeni, umewaambia kwamba nawe uko upande wao. Baada ya hapo hutawarudisha.

Mwambie pia mwalimu asiweke habari nzito kwenye maneno yako mawili matatu ya mwanzo, kwa kuwa yatamezwa. Na kuna hila moja ambayo mwalimu mjanja huifanya: wiki moja kabla ya mashindano ya drama ya shule huwaita wanafunzi wa madarasa mawili matatu waje kutazama mazoezi ya mwisho, nguo zikiwa zimevaliwa. Wacheke siku hiyo, wamalize. Siku ya mashindano wenzako watakuwa wamezoea, na wageni huchukua mkondo wa ukumbi walioukuta.

Mtafute mtu mmoja

Hapa ndipo wengi hupotea, na hapa ndipo nitakapokaa kidogo.

Mvulana akiambiwa aigize mwanamke, huanza kuigiza wanawake wote kwa pamoja. Kiuno kinakatika, mkono unalegea kwenye kifundo, macho yanarembuliwa, sauti inatoka puani. Hakuna mwanamke unayemjua anayetembea hivyo akienda sokoni. Msichana naye akiambiwa aigize mwanamume, anapanua miguu, anatunisha mabega na kufoka kuanzia mwanzo wa mchezo hadi mwisho. Fikiria baba yako, au mjomba, au mlinzi wa getini. Ni nani kati yao anayefoka kutwa?

Kwa hiyo sahau jinsia kwanza. Jiulize huyu mtu ana miaka mingapi, anafanya kazi gani, amelala saa ngapi usiku wa kuamkia leo, anamdai nani, anamficha nani nini, na ni kiungo gani cha mwili kinamuuma. Sara anaumwa. Mtu anayeumwa hatui kwenye kiti kwa mpigo. Hukitafuta kwa mkono, hukishika, kisha hujishusha. Akitaka kusimama huanza kufikiria kusimama kabla hajasimama. Ukiyapata hayo, ukumbi hautakuwa na nafasi ya kukagua kama wewe ni mvulana.

Kisha mtafute mtu mmoja wa kumtazama. Mmoja tu, aliye karibu na umri na hali ya mhusika wako. Kwa mvulana, tuseme mama anayeuza chapati na maharagwe nje ya geti la shule. Kaa upande, nunua chapati yako, tazama. Utaona kwamba kabla ya kuinama juu ya jiko hulishika pindo la leso kwa mkono wa kushoto, alibane mapajani lisije likashika moto. Akipokea pesa haangalii noti, anaangalia uso wa mtoaji, kisha anaifunga noti kwenye ncha ya leso kwa vidole viwili, bila kukatisha maneno. Akisimama baada ya kukaa muda mrefu kwenye kigoda, mkono mmoja huenda kiunoni, na huo si mkogo, ni mgongo unaouma. Akitaka kumkemea kijana aliyekula bila kulipa, hapandishi sauti; anaacha kukanda, anamtazama. Vitendo hivyo vinne vikiingia jukwaani kwa wakati wake vinatosha kuubeba mchezo.

Msichana naye aende akawatazame wazee pale wanapokaa: chini ya mwembe, kwenye baraza la duka, nje ya msikiti au kanisa. Mzee aliyevaa suruali ya kitambaa akitaka kuketi, huivuta kidogo juu kwa vidole, pale magotini, ndipo ashuke. Hafikirii, mikono yake inajua. Mwenye kanzu akipanda ngazi huinua upindo wa mbele kwa mkono mmoja. Akiulizwa swali, anaweza kukaa kimya kitambo kabla ya kujibu, na hakuna anayemkatiza. Ukimya huo ni mali. Msichana shuleni amefundishwa kujibu upesi, akiwa wima, mikono nyuma. Akipewa uzee au ukubwa, kitu cha kwanza anachopaswa kukiacha ni ile haraka.

Majoka ni mfano mzuri. Wasichana wengi wakimpata humfanya mtu wa kupiga meza na kupayuka. Jaribu kinyume chake. Kaa. Waache watumishi wake, Chopi na wenzake, ndio waende mbio. Usimgeukie anayesema nawe mpaka ukitaka. Amri itoke kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeagiza chai, na watazamaji wataanza kukuogopa wenyewe. Kisha, mara moja tu katika mchezo mzima, piga hiyo meza.

Sauti

Sauti ya mwanamume mzima anapozungumza hutikisika kiasi cha mara 100 hadi 130 kwa sekunde, ya mwanamke kiasi cha mara 180 hadi 220. Pengo ni kubwa, wala huwezi kuliziba kwa nguvu. Bahati nzuri hutakiwi kuliziba. Kuna wanawake wenye sauti nzito, na kuna wanaume wenye sauti nyembamba wanaoongoza watu.

Mvulana, usibane koo kutafuta sauti ya ndege. Dakika tano itashika, ya sita itapasuka, na ikipasuka katikati ya kilio cha Sara hakuna atakayekuokoa. Tena kama ndiyo kwanza inavunjika, koo lako halina msimamo. Ukililazimisha kila jioni utapoteza sauti wiki ile unayoihitaji. Zungumza kwa sauti yako mwenyewe, upande wa juu ambako huhitaji kusukuma, punguza uzito wa kifua, na uache maneno yapande na kushuka. Msikilize mama yako akisimulia tukio kwenye simu: sauti yake inacheza juu na chini, kila aliyemo kwenye kisa amepewa mlio wake. Mwanamume akisimulia kisa hichohicho huenda kwa mstari ulionyooka zaidi. Tofauti kubwa iko hapo, na hiyo unaweza kuifanya bila kujiumiza.

Msichana, usikandamize koo kwenda chini. Utasikika kama mwenye mafua, na safu za nyuma hazitakupata. Vuta pumzi ya tumbo, punguza mwendo, na ufunge mwisho wa sentensi. Wasichana wengi huacha sentensi ikining'inia juu kana kwamba wanaomba ruhusa. Ishushe, iweke chini, nyamaza. Maji ya kawaida yanasaidia. Kunong'ona ili kupumzisha koo hakusaidii. Ukitaka kulipumzisha, nyamaza kabisa.

Nguo uvae mapema

Usisubiri mavazi hadi siku ya mashindano. Leso hubadilisha hatua: iliyofungwa barabara hukupa hatua fupi bila wewe kuigiza lolote, na iliyofungwa vibaya hukudondokea mbele ya majaji. Azima moja wiki ya kwanza ya mazoezi, uifunge kila jioni juu ya kaptura ya michezo, uiname nayo, ukae nayo sakafuni, uinuke. Ndani yake daima vaa kaptura. Viatu pia. Ukiambiwa mhusika wako ni mama wa ofisini mwenye viatu vya kisigino, anza na vifupi na uvizoee mapema. Lakini mama wengi katika tamthilia zetu wako nyumbani na malapa, na malapa hayajamvunja mtu mguu.

Suala la kifua linastahili neno kali kidogo. Mvulana anayejaza machungwa au mipira ndani ya blauzi amekwisha kuamua kwamba mchezo ni mzaha, hata kama hajui. Vitu hivyo hupanda, hushuka, hudondoka. Kitambaa laini kidogo kilichoshonewa ndani ya nguo kinatosha, na kwa mhusika mzee au mgonjwa gauni pana na mtandio begani havihitaji chochote. Kwa msichana, usijifunge kifua kwa bendeji wala kwa leso iliyokazwa. Huminya mbavu na kukunyima pumzi ambayo ndiyo sauti yako. Vaa sidiria ya michezo inayokutosha, shati lililolegea, na koti au kizibao juu yake. Ukihisi kubanwa, vua.

Kichwani, kilemba ni bora kuliko wigi. Wigi la kuazima huteleza, na shule nyingi hunyoa wote vipara sawasawa, kwa hiyo utakuwa na kichwa kidogo ndani ya nywele kubwa. Msichana mwenye nywele azifiche chini ya kofia, ya kiua au ya kawaida kulingana na mhusika. Ndevu za mkaa na za gundi achana nazo. Taa na jasho vitazifikisha shingoni kabla ya onyesho la tatu. Wanja kidogo pembeni mwa mdomo na kwenye mikunjo ya paji huonekana vizuri ukiwa mbali, na poda nyeupe iliyopakwa kidogo juu ya masikio huongeza miaka ishirini. Mvulana mwenye ndevu anyoe jana yake jioni, si asubuhi ile, ili ngozi itulie.

Mambo ambayo hakuna anayeyasema mazoezini

Utaitwa Mama Sara. Bweni zima, pengine hadi umalize Kidato cha Nne. Jina la utani hushika pale linapouma, kwa hiyo ukiitwa hivyo, itika tu na uendelee na shughuli zako. Lakini kuna utani na kuna uonevu. Mtu akikushika, akikufuata bafuni, akikutolea maneno machafu, huo umeshakuwa uonevu, na mwalimu wa drama anapaswa kuujua siku hiyohiyo. Nawe mwalimu, ukimpa mtoto nafasi hii umechukua dhamana. Simama gwaride la asubuhi uwataje waigizaji wote kwa majina yao na uwapongeze. Inasaidia kuliko unavyofikiri.

Maonyesho ya mume na mke yapangwe waziwazi. Ninyi ni wavulana wawili, au wasichana wawili, na kila mtu ukumbini anasubiri mgusane mikono ndipo apige mluzi. Mkubaliane mbele ya mwalimu ni wapi mtagusana na ni wapi hamtagusana, halafu msibadilishe jukwaani. Mara nyingi kitu kimoja kati yenu kinasema zaidi: Yona akimpa Sara bilauri ya maji, Sara akachelewa kuipokea, ndoa yao yote imeonekana.

Nyumbani waambie mapema, wasije wakaiona picha kwenye simu ya jirani. Kuna familia zitakazokataa, na zina sababu zao: wapo Wakristo wanaotaja Kumbukumbu la Torati 22:5, na Waislamu wanaotaja mafundisho ya Mtume yanayokataza mwanamume kujifananisha na mwanamke na mwanamke kujifananisha na mwanamume. Usiingie ubishi wa dini na baba yako kwa ajili ya mchezo. Rudi kwa mwalimu, njia zipo. Mhusika anaweza kuonyeshwa kwa kitu kimoja tu, mtandio au bakora, juu ya sare ya shule, na watazamaji wakaelewa. Mtambaji anaweza kuyabeba maneno yake. Na kama mchezo umeandikwa na mwalimu mwenyewe, kama ilivyo kwa michezo mingi ya tamasha la drama la shule za Kenya, basi chifu anaweza kuwa mwanamke, na mwuguzi akawa mwanamume, na hadithi isidhurike hata kidogo. Ukikataa kabisa, kataa wiki ya kwanza. Anayejitoa siku tatu kabla ya mashindano hasamehewi, na mimi sitamtetea.

Siku yenyewe

Vaa mapema, kisha kaa na nguo hizo nyuma ya jukwaa bila kupiga picha na marafiki. Picha baadaye. Kila anayekuja kukuchekea huko nyuma anakutoa kwa Sara na kukurudisha kwako. Kunywa maji, nenda chooni kabla ya kufunga leso, na mpe mwenzako mmoja jukumu la kukagua pini zako.

Mchezo ukiisha, wakati wa kuinama kuwaaga watazamaji, usivue kilemba ili kuwakumbusha kwamba ulikuwa mvulana. Wanajua. Inama jinsi wenzako walivyoinama, utoke.

Mkipita ngazi ya kaunti ndogo mtakwenda ya kaunti, kisha ya kanda, na mkijaliwa ya taifa, na kila ngazi ina ukumbi mkubwa zaidi na watu wasiokujua hata kwa sura. Kicheko cha mwanzo kitakuwa kifupi zaidi huko, basi usikingoje kwa mazoea. Kama hakikuja, sema maneno yako. Yaandike maoni ya majaji usiku huohuo, hasa waliyosema kuhusu safu za nyuma kukusikia. Na kama mwenye leso anaitaka yake, changishaneni mnunue nyingine upesi yenye ukubwa uleule, uanze kuifunga jioni hiyohiyo, kwa sababu leso mpya ina wanga na huteleza mpaka ifuliwe mara mbili tatu.